Namna ya kusoma na kutumia historia ya bei za hisa: mwongozo kamili

Ijumaa ya tarehe 28 Agosti 2020 hisa moja ya Apple ilifunga kwa dola 499.23. Jumatatu iliyofuata, tarehe 31, ilifunga kwa dola 129.04. Mpe mtu tarakimu hizo mbili bila neno lingine, umwombe apige hesabu, naye atakwambia mwenye hisa amepoteza asilimia 74 ya mali yake ndani ya siku tatu. Kumbe mwenye hisa huyo alipata faida ya asilimia 3.4. Kampuni ilikuwa imevunja kila hisa kuwa nne, kama noti kubwa inavyovunjwa kuwa ndogo, na aliyekuwa na hisa 10 aliamka akiwa na 40.

Nimeanza na mfano huu kwa sababu ndani yake mna jambo ambalo mwongozo huu wote unalizunguka. Bei iliyo kwenye jedwali ni kumbukumbu ya biashara iliyofanyika siku fulani. Haikwambii mali ya mwekezaji imeongezeka au imepungua kiasi gani. Ili uvuke kutoka kwenye bei hadi kwenye mali, ni lazima ujue tarakimu hiyo ilipatikanaje, nani ameigusa baadaye, na ni nini kimeachwa nje.

Hatua ya 1: Andika swali kabla ya kupakua chochote

Wengi hupakua faili la miaka 30 kwanza, kisha ndipo hujiuliza walilitakia nini. Anza na swali, tena liandike kwa sentensi moja, kwa kuwa swali ndilo huamua aina ya bei utakayohitaji. "Nilinunua kwa bei gani siku ile?" linataka bei halisi ya sokoni isiyoguswa. "Ningekuwa na kiasi gani leo kama ningenunua wakati ule nikatulia?" linataka bei iliyorekebishwa kwa migawanyo ya hisa (kuvunja hisa kama Apple ilivyofanya) na magawio (fedha ambazo kampuni huwalipa wenye hisa). Anayejaza fomu ya kodi na anayepima mkakati wa miaka 20 wanaweza kuhitaji tarakimu mbili tofauti kwa hisa ile ile na siku ile ile, na wote wawili wakawa sahihi.

Hatua ya 2: Pata data, na uhakikishe ni ya kampuni unayoitafuta

Mahali pa kwanza pa kutazama ni tovuti ya soko ambako hisa imeorodheshwa, kisha akaunti yako kwa dalali. Yahoo Finance ina majedwali ya hisa za masoko mengi duniani. Ukitumia Google Sheets, lahajedwali la Google, unaweza kuita bei ndani ya seli moja kwa moja:

=GOOGLEFINANCE("NASDAQ:AAPL","price",DATE(2020,8,24),DATE(2020,9,5),"DAILY")

Utaletewa safu mbili: tarehe na bei ya kufunga. Kuna jambo dogo hapo linalowasumbua wengi. Tarehe huja ikiwa na saa ndani yake, mfano 16:00:00, kwa hiyo ukitaka kuoanisha jedwali hilo na jingine lenye tarehe tupu, hakuna mstari utakaolingana. Itie tarehe ndani ya INT() ili saa ikatwe, na mambo yatanyooka. Kama lahajedwali lako linatumia mkato kuonyesha desimali, tenganisha vipengele vya fomula kwa nukta mkato.

Kisha thibitisha utambulisho. Herufi fupi zinazotumika sokoni si mali ya kampuni milele. Kampuni ya Facebook ilikuwa ikitumia FB hadi tarehe 9 Juni 2022, ilipohamia META. Lakini herufi META zilikuwa zimewahi kutumiwa na mfuko wa uwekezaji wa Roundhill, kwa hiyo faili la zamani lililohifadhiwa kwa jina hilo linaweza kuwa na bei za kitu kingine kabisa. Mfano wa GM ni mzito zaidi. General Motors ya zamani iliomba kinga ya mufilisi tarehe 1 Juni 2009, na kampuni mpya ikaanza kuuzwa sokoni tarehe 18 Novemba 2010 kwa herufi zile zile. Anayechora grafu ya GM leo huanzia 2010, na hasara ya wenye hisa wa zamani haimo kabisa katika mchoro huo.

Hatua ya 3: Kaa na mstari mmoja hadi uuelewe

Faili la kawaida lina vichwa hivi: Date, Open, High, Low, Close, Volume. Yaani tarehe, bei ya kufungulia, bei ya juu kabisa ya siku, ya chini kabisa, ya kufunga, na idadi ya hisa zilizobadilisha mikono.

Bei ya kufunga ndiyo inayotumika zaidi, na wengi hudhani ni bei ya mauzo ya mwisho ya siku. Mara nyingine ni hivyo. Katika masoko mengine huamuliwa kwa mnada maalumu wa kumalizia siku, na kwingine ni wastani wa bei uliopimwa kwa kiasi kilichouzwa, hivyo inaweza hata isilingane na muamala wowote mmoja. Soma kanuni za soko lako, kwa sababu jambo hili huamua kama ungeweza kweli kununua kwa bei unayoiona.

Bei za juu na za chini zina ukimya wake. Mstari haukwambii ipi ilitangulia. Ukiwa na kanuni inayosema "uza ikipanda asilimia 5, au ikishuka asilimia 5", na siku moja ikafika kote kuwili, data ya kila siku haiwezi kukujibu ni lipi lilitokea kwanza. Aidha, bei ya chini inaweza kuwa bei ambayo hukuwa na njia ya kuipata. Tarehe 6 Mei 2010 soko la Marekani liliporomoka na kuinuka ndani ya dakika chache, na katika kishindo hicho hisa za Accenture, zilizokuwa zikiuzwa karibu dola 40, zilifikia senti moja. Miamala iliyopotoka kupita kiasi ilifutwa baadaye. Unapokuta tarakimu ya kushangaza kwenye safu ya Low, tafuta habari za siku hiyo kabla ya kuiingiza kwenye hesabu.

Safu ya Volume ndiyo shahidi wa safu nyingine zote. Ukiona bei ile ile imejirudia siku sita mfululizo, tazama kiasi. Kikiwa sifuri, hakuna aliyenunua wala aliyeuza, na bei ya jana imenakiliwa tu kusogeza jedwali. Hisa isiyouzwa huonekana tulivu kwenye grafu, na vipimo vyote vya kuyumba kwa bei vitaisifu, ilhali mwenye nayo huenda anahangaika wiki nzima kutafuta mnunuzi. Kwa hisa za namna hii napendelea kuhesabu siku zenye mauzo peke yake, na kuandika pembeni ni siku ngapi zilikuwa kavu.

Hatua ya 4: Elewa bei iliyorekebishwa, kwa sababu hapa ndipo wengi huingia mkenge

Kuna marekebisho ya aina mbili, na hayafanani.

La kwanza ni la kuvunja hisa. Hisa moja ikiwa nne, bei zote za kabla ya siku hiyo hugawanywa kwa 4 na kiasi cha mauzo huzidishwa kwa 4. Ndiyo maana ukitazama Yahoo Finance leo, ile dola 499.23 ya Apple imeandikwa kuwa dola 124.81. Ilinganishe na 129.04 na utaipata ile asilimia 3.4. Mambo huenda kinyume pia: Citigroup mwezi Mei 2011 iliunganisha kila hisa 10 kuwa moja, na bei za zamani zikazidishwa kwa 10.

La pili ni la magawio. Kampuni inapotoa gawio, fedha hutoka kwenye akaunti yake kwenda kwa wenye hisa, na siku ya kwanza ambayo mnunuzi mpya hana haki ya gawio hilo, bei hushuka kwa kiasi kinachokaribiana nalo. Microsoft ilitoa gawio maalumu la dola 3 kwa hisa mwaka 2004. Siku hiyo ya kwanza ilikuwa tarehe 15 Novemba, na bei, iliyokuwa karibu dola 30, ilishuka kwa zaidi ya dola 2. Hakuna habari mbaya iliyotoka. Fedha zilikuwa zikihamia mifukoni mwa wenyewe.

Rekebisho hufanywa hivi. Tuseme hisa ilifunga kwa 100 na gawio ni 4. Kizidisho ni 1 − 4/100, yaani 0.96. Bei zote za nyuma, hadi mwanzo wa faili, huzidishwa kwa 0.96. Gawio jingine likija, bei zote zilizokuwa zimeshapunguzwa huzidishwa tena kwa kizidisho kipya. Kwenye Yahoo Finance, safu ya Close imerekebishwa kwa migawanyo ya hisa pekee, na Adj Close imerekebishwa kwa migawanyo na magawio pia. Vyanzo vingine vina utaratibu wake. Kupima ni rahisi: tafuta kampuni unayojua ilivunja hisa, tazama siku mbili za mpaka, uone kama bei imedondoka kwa ghafla. Kisha fanya hivyo kwenye gawio kubwa.

Matokeo yake ni kwamba historia iliyorekebishwa huandikwa upya kila gawio jipya linapotoka. Faili ulilopakua mwaka jana na ulilopakua leo havitakuwa na tarakimu zile zile kwa siku ile ile. Niliwahi kuongeza mistari ya mwezi mpya chini ya faili langu la zamani la bei zilizorekebishwa, nikaokoa dakika tano na kupoteza wiki mbili, kwa sababu pale vipande viwili vilipokutana palitokea mruko wa bandia ambao hesabu zangu ziliuchukua kuwa mabadiliko ya kweli ya bei. Tangu hapo, nikitaka data mpya napakua yote upya kuanzia siku ya kwanza. Nakushauri nawe ufanye hivyo.

Jambo jingine: bei iliyorekebishwa kwa magawio ya miaka mingi inakuwa ndogo kuliko bei yoyote ambayo mtu alilipa kweli. Ni nzuri kwa kupima faida ya kipindi. Usiitumie kusema "mwaka ule hisa iliuzwa kwa kiasi hiki".

Hatua ya 5: Safisha kabla ya kupika hesabu

Panga tarehe kuanzia ya zamani kuja ya karibuni, maana vyanzo vingi huanzia juu na ya karibuni, na fomula za mabadiliko hugeuka kichwa chini. Hakikisha 03/04/2021 imesomwa kama Aprili 3 au Machi 4, kulingana na chanzo. Tafuta siku zilizorudiwa, bei za sifuri na mstari wowote ambao Low imezidi High.

Pengo la tarehe si kosa daima. Soko la hisa la New York lilifungwa tarehe 11 Septemba 2001 na kufunguliwa tarehe 17, kwa hiyo mistari ya siku za katikati haipo na haipaswi kuwapo. Usijaze mapengo ya namna hiyo kwa tarakimu za kubuni.

Baadaye fanya safu ya mabadiliko ya kila siku na uipange kuanzia kubwa kabisa hadi dogo kabisa. Chunguza mabadiliko kumi ya juu na kumi ya chini, moja moja. Migawanyo iliyosahaulika, nukta ya desimali iliyopotea na siku za kihistoria za kweli zote hujikusanya huko. Tarehe 19 Oktoba 1987, kwa mfano, fahirisi ya Dow Jones, yaani kipimo cha jumla cha bei za hisa za kampuni kubwa za Marekani, ilianguka asilimia 22.6 kwa siku moja. Inaonekana kama kosa la uchapaji, na ilitokea. Usifute kitu kwa sababu tu kinatisha.

Hatua ya 6: Geuza bei kuwa asilimia

Bei yenyewe haina maana kubwa. Hisa ya dola 900 si "ghali" kuliko ya dola 9. Kinacholinganishika ni badiliko: bei ya leo gawanya kwa ya jana, toa 1. Kama bei ziko safu ya F kuanzia mstari wa 2, andika =F3/F2-1 kwenye mstari wa 3, kisha iburute chini.

Tahadhari na wastani. Hisa iliyotoka 100 ikaenda 50, kisha ikapanda hadi 75, ina mabadiliko ya −50% na +50%. Wastani wake ni sifuri, na mwenyewe amebaki na 75. Kwa vipindi virefu tumia ukuaji wa mwaka uliolimbikizwa: =(mwisho/mwanzo)^(1/miaka)-1. Kwa mfano huo ukiwa wa miaka miwili, jibu ni −13.4% kwa mwaka, na hilo ndilo linalolingana na kilicho mfukoni.

Kuyumba kwa bei hupimwa kwa mkengeuko sanifu wa mabadiliko ya kila siku, yaani kipimo cha jinsi yanavyotawanyika mbali na wastani wake, STDEV katika lahajedwali. Ukitaka wa mwaka, zidisha kwa kipeuo cha pili cha 252, kwa kuwa masoko mengi hufunguliwa takribani siku 252 kwa mwaka. Mkengeuko wa 1.2% kwa siku ni kama 19% kwa mwaka.

Hatua ya 7: Pima mporomoko kutoka kileleni

Ningekuwa na ruhusa ya kumpa mwekezaji mpya kipimo kimoja tu, ningempa hiki. Kuyumba ni tarakimu ya kitabuni, lakini mporomoko ndio unaomnyima mtu usingizi akauza siku mbaya kuliko zote.

Safu ya G, andika =MAX(F$2:F2) na uburute: hiyo ni bei ya juu kuliko zote hadi siku hiyo. Safu ya H, =F2/G2-1. Tarakimu ndogo kabisa ya H ndiyo mporomoko mkubwa kabisa. Kisha hesabu siku zilizopita hadi H iliporudi sifuri, kwa sababu muda wa kusubiri una uzito sawa na kina cha shimo.

Dow Jones ilifunga kwa 381.17 tarehe 3 Septemba 1929. Tarehe 8 Julai 1932 ilifunga kwa 41.22. Ni anguko la asilimia 89, na ili kutoka 41.22 kurudi 381.17 ilihitaji kupanda asilimia 825. Ilivuka kilele hicho tena Novemba 1954. Fahirisi ya Nikkei 225 ya Japani ilifika 38,915.87 siku ya mwisho ya biashara ya mwaka 1989, na kilele hicho hakikupitwa hadi tarehe 22 Februari 2024. Anayesema "soko hurudi tu" aulizwe anazungumzia soko lipi na miaka mingapi. Kwa haki, fahirisi hizi mbili hazihesabu magawio, na aliyekuwa akiyapokea na kununulia hisa zaidi alirudi kwenye mtaji wake mapema kuliko grafu inavyoonyesha. Thamani ya fedha nayo hubadilika kwa miaka yote hiyo, kwa hiyo kwa kipindi kirefu ondoa mfumuko wa bei pia.

Hatua ya 8: Linganisha vinavyolingana

Watu huweka fahirisi ya DAX ya Ujerumani na ile ya S&P 500 ya Marekani kwenye grafu moja na kutangaza mshindi. DAX inayotajwa kila siku kwenye habari huhesabu magawio kana kwamba yamewekezwa tena. S&P 500 inayotajwa kwenye habari hizo hizo haiyahesabu. Tafuta toleo la S&P 500 lenye magawio, au toleo la DAX la bei pekee, na uweke zote kwenye sarafu moja. Hapo ndipo mashindano yanaanza.

Hatua ya 9: Jaribu kanuni yako bila kujidanganya

Ukitaka kujua kama kanuni fulani ya kununua na kuuza ingefaa zamani, kuna mitego mitatu.

Wa kwanza ni kuwasahau waliokufa. Ukichukua orodha ya kampuni za S&P 500 za leo na kuwajaribia kanuni yako kuanzia 2005, Lehman Brothers, iliyofilisika Septemba 2008, haimo. Umechagua waliookoka, kisha unashangaa kwamba wameokoka. Tumia orodha ya kampuni zilizokuwamo mwaka huo.

Wa pili ni kutumia habari ambazo hazikuwapo. Kanuni inayosema "bei ya kufunga ikizidi wastani wa bei za siku 50, nunua" haiwezi kununua kwa bei hiyo hiyo ya kufunga bila kujua mapema itakuwa ngapi. Sogeza ununuzi hadi bei ya kufungulia ya siku inayofuata. Kuna kanuni nyingi nzuri ambazo uzuri wake wote hupotea kwa kusogeza mstari huu mmoja. Toa pia kamisheni ya dalali, kodi, na tofauti kati ya bei ya mnunuzi na ya muuzaji.

Wa tatu ni kujaribu mara nyingi. Ukijaribu kanuni 100 zisizo na maana yoyote na kukubali kila itakayovuka kipimo cha asilimia 5, yaani kipimo ambacho kanuni isiyo na maana ina nafasi ya asilimia 5 ya kukivuka, takribani 5 zitavuka kwa bahati tu. Kata data katika nusu mbili kabla hujaanza, tengeneza kanuni kwa nusu ya kwanza, na nusu ya pili uifungue mara moja tu. Ukiifungua, ukarekebisha kanuni, kisha ukaifungua tena, tayari umeitumia.

Hatua ya 10: Acha kumbukumbu pamoja na faili

Hifadhi faili la asili bila kuligusa, na ufanyie kazi nakala. Kwenye karatasi ya kwanza ya jedwali andika mistari michache ya namna hii:

Hisa: Apple, NASDAQ, AAPL. Chanzo: Yahoo Finance. Ilipakuliwa: tarehe ya siku hiyo. Kipindi: 2 Januari 2015 hadi 31 Desemba 2024. Sarafu: dola za Marekani. Safu iliyotumika: Adj Close, imerekebishwa kwa migawanyo na magawio. Mistari iliyobadilishwa: hakuna. Mabadiliko 20 makubwa yamekaguliwa: ndiyo.